Safu ya Wageni

Asubuhi ile ya Jumanne Daktari Kheri Boga alikuwa ametajwa mara elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Aliisoma hesabu hiyo kwenye simu kabla hajanawa uso, akaitangaza mezani kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anajisifu, kisha akavunja mahamri yake. Mkewe, Twaiba, akammiminia chai. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akizisikia hesabu hizo kila kukicha, na alizizoea kama wake wengine wanavyozoea waume zao kukohoa.

"Jana zilikuwa ngapi, shemeji?" aliuliza Saumu, mdogo wake Twaiba, ambaye tumbo la miezi minane lilikuwa limemtenga na meza.

"Mia tisa na saba. Tano kwa siku moja! Wawili ni wahandisi wa maji, mmoja daktari wa watoto, mmoja mchumi. Na huyu wa tano," Kheri akacheka peke yake, "huyu ni mwanasheria. Makala yangu ya visima imefika mpaka kwa mawakili."

"Haijashtakiwa lakini?"

"Haijashtakiwa, inasifiwa."

Saumu alicheka, mara akajishika ubavu. "Huyu mgeni hana adabu hata kidogo. Apiga teke kama anayetaka kuvunja mlango."

Kheri naye akacheka. Alipenda utani wa shemeji yake, na hilo la kumwita mtoto mgeni alilihesabu miongoni mwa utani wake.

Ambaye hajapata kuishi na msomi ndani ya nyumba moja huenda asijue kutajwa ni nini. Msomi akiandika makala, pale mwisho huwaorodhesha wasomi wenziwe aliotegemea kazi zao. Kila aliyeorodheshwa ametajwa, na mitambo huko iliko huhesabu. Anayetajwa sana hupandishwa cheo, huitwa Nairobi na ng'ambo, huwekewa kiti cha mbele. Asiyetajwa huzeeka na chaki mkononi. Kheri alikuwa ameandika makala arobaini na moja. Arobaini kati ya hizo, na nyingine zilikuwa nzuri kweli kweli, zilitajwa mara sabini na kidogo zote pamoja, na aliyezitaja zaidi alikuwa Kheri mwenyewe. Iliyobaki ilikuwa hii ya visima vya Kidzumbani. Hiyo ndiyo iliyojenga jina, na kwa sababu yake, baada ya wiki tano, angekaa mbele ya kamati ya chuo kuhojiwa ili awe Profesa Mshiriki.

Kidzumbani ni kijiji cha vilimani, nyuma ya Msambweni. Wenyeji wake husaga mbegu za mlonge, wakautia unga wake kwenye maji ya kisima, uchafu ukazama chini, maji yakatoka meupe. Makala ya Kheri ilisema kwamba katika nyumba mia moja na kumi na mbili zinazosafisha maji kwa mlonge, kwa muda wa miaka miwili hakufa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Hata mmoja. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoitembeza makala duniani. Madaktari wakaitaja, wahandisi wakaitaja, wachumi wakalinganisha gharama ya mlonge na ya mabomba, wakaitaja. Na mradi wa mabomba ulipofika upande ule mwaka juzi, wenye mradi waliifungua makala hiyohiyo barazani, wakapitisha laini mbali na Kidzumbani, kwa kuwa Kidzumbani hakuna shida. Wazee walipiga makofi. Nani asiyependa kuambiwa kwamba maji yake yamesomwa ng'ambo?

Saumu alikuwa ameolewa hukohuko Kidzumbani na fundi wa mawe aitwaye Rai. Alikuja kwa dada yake ili ajifungue karibu na hospitali, na nia yake ilikuwa kurudi mapema. Wanawake wa Kidzumbani hawalegezi hapo: arobaini ya mtoto lazima iishie kwenye nyumba ya baba yake.


Kheri alipokwisha kwenda kazini, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Jumwa, mwanafunzi wake wa shahada ya pili, msichana mwembamba wa kutoka upande wa Malindi, amebeba sanduku la karatasi kifuani na tableti juu yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Hilo sanduku umelileta mwenyewe? Si ungepiga simu?"

"Ni fomu za zamani, Mama. Zile za Kidzumbani. Wafadhili wanataka turudi tuhesabu upya, tuone hali ikoje baada ya miaka kumi na mitano. Sasa nanakili za zamani kwanza. Daktari aliniambia hati hii ni ya mkono wako."

Twaiba akaikunjua fomu ya kwanza, na kweli ilikuwa hati yake, zile herufi za kulala alizofundishwa madrasa na shuleni kwa wakati mmoja. Alipoziandika alikuwa bi harusi wa miezi mitatu. Kheri alikulia Mackinnon Road, kwenye malori na reli, na lugha ya watu wa huku aliijua ya kununulia nazi tu. Isitoshe, wanawake wa Kidzumbani wasingemweleza mwanamume mambo ya uzazi. Kwa hivyo alimtuma mkewe. Nyumba mia moja na kumi na mbili alizikalia mkeka moja moja. Kwenye makala alishukuriwa kwa maneno matatu, "wasaidizi wa nyanjani," wala hakuona vibaya.

"Kuna jambo sijalielewa," alisema Jumwa. "Hapa pembeni umeandika, 'mgeni 1.' Hii hapa, 'wageni 2.' Daktari amewaingiza kwenye safu ya 'wakazi na wageni,' pamoja na watu wote wanaotumia maji ya nyumba. Ni sawa. Lakini kwenye fomu mpya nimewawekea swali lao peke yao. Nataka kujua, hawa wageni walikuwa wakikaa muda gani?"

Twaiba alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajafikiri, kama mtu anapoulizwa kama samaki huvaa viatu. Kisha kikamkauka mdomoni.

Kwa wanawake wa Kidzumbani, na kwa mama zake Twaiba pia, mtoto mchanga haitwi mtoto mpaka apite arobaini. Ni mgeni. Jina anapewa siku ya saba kama dini inavyotaka, lakini halitamkwi ovyo, wala hahesabiwi na nduguze. Akifa kabla ya siku hizo, wanaume humswalia na kumzika, na mama yake husema mgeni amerudi. Hawekewi matanga. Ukimwuliza mama huyo amefiwa na watoto wangapi, atakwambia hana, na kwa kweli yake hakusema uongo.

Fomu iliuliza, "Watoto waliofariki?" Wanawake wakajibu hapana, kisha wengine wakaongeza kwa sauti ya chini, nina mgeni mmoja alirudi, nina wawili. Twaiba angewezaje kuandika maiti mahali mama mtu kasema mgeni? Aliandika sifuri palipotakiwa, na pembeni akaandika kama alivyoambiwa. Aliamini kila mwenye akili angesoma na kuelewa. Kumbe mumewe alisoma, akawapa maiti wale mahali pa kulala na maji ya kunywa.

"Mama?" Jumwa alikuwa akingoja, kidole juu ya kioo.

Twaiba alimwona mumewe amekaa mbele ya kamati. Aliona nyumba hii, na ada ya mwanawe Feisal aliyekuwa shule ya bweni, na ile hesabu ya kila asubuhi ikisimama.

"Hukaa siku chache tu," alisema. "Hawafiki arobaini."

"Ahsante, Mama," akasema Jumwa, akaandika.


Kheri aliporudi alasiri alimkuta mkewe ameketi mbele ya sanduku, hajapika. Jumwa alikuwa ameliacha sanduku hadi kesho yake.

"Baba Feisal, keti. Mgeni ni nini?"

"Swali gani hilo? Mgeni ni mgeni."

"Saumu amwitaje aliye tumboni mwake?"

"Si utani wake huo?"

"Si utani."

Akamweleza. Hakumzungusha, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa na njia ya kuzungukia. Kheri akavuta sanduku, akaanza kufunua fomu moja moja, anasoma pembeni tu, midomo ikimcheza. Chai aliyowekewa ikafanya utando. Alipofika ya mwisho, alizipanga karatasi kwa uangalifu, kingo zikalingana.

"Kumi na tisa," alisema.

Twaiba hakuwa amewajumlisha. Alijua kuna wageni. Hakujua wamefika kumi na tisa. Aibu ikamwingia mwilini, akajifunika ushungi vizuri ingawa walikuwa wawili tu.

"Sasa utafanya nini?"

"Wajua umenifanyia nini, Twaiba? Wajua?"

"Nimekufanyia mimi?"

"Si ungeandika wamekufa! Neno moja! Wewe umesoma, si kwamba hukusoma!"

"Nawe si ungeuliza! Nyumba zaidi ya kumi za watu wasio na kitanda cha ziada, zina wageni wa kulala kila siku, hukushangaa?"

Hilo lilimpata. Kheri akainama, akashika paji la uso. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Mtu mbaya angecheka akaenda zake. Huyu aliumia kwelikweli, akawa anatafuta njia ya kuumia bila ya kupoteza kitu.

"Nitaandika barua kwa wachapishaji," alisema mwisho. "Wallahi nitaandika. Makala iondolewe. Lakini baada ya mahojiano. Wiki tano, Twaiba. Ukiondoa hiyo moja nabaki na nini? Nabaki na sabini. Wenye sabini hawahojiwi, hupewa vipindi vya Jumamosi."

"Na maji?"

"Maji yale wanayanywa miaka yote. Wiki tano zitabadilisha nini?"

"Walikuwa wakiyachemsha, Baba Feisal. Wakati nawapitia mimi, nusu yao walikuwa wakichemsha. Wakaacha. Waliambiwa barazani hakuna haja ya kumaliza kuni, mlonge watosha. Nani aliwaambia?"

Aliyewaambia ni Kheri, na kipaza sauti aliazimwa na wenye mradi.

"Si Kidzumbani peke yake," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Walionitaja ni karibu elfu mbili. Nao wametajwa. Kuna mwongozo wa wahandisi umeandikwa kwa kunitegemea mimi. Kuna nchi sijazikanyaga, watu wanasaga mlonge kwa sababu ya safu yangu ile. Hata nikiandika barua, nitamwandikia nani? Nitaanzia wapi?"

Twaiba aliogopa kuliko alivyoogopa asubuhi. Alikuwa amedhani kosa ni lao wawili, li ndani ya sanduku.


Saumu alijifungua wiki mbili baadaye, mtoto wa kiume, kilo tatu na robo. Siku ya saba akanong'onezwa jina. Siku ya kumi na mbili, Rai alikuja kuwachukua mke na mgeni wake, na kwa bahati mbaya siku hiyohiyo Kheri alikuwa amemwalika chakula cha mchana mkuu wa idara yake, Profesa Elijah, mtu wa bara mwenye sauti ya kanisani, ambaye ndiye angeiandikia kamati mapendekezo.

Twaiba alipika pilau na samaki wa kupaka. Aliwakaribisha wanaume sebuleni. Rai, kwa kuona viatu vya profesa vilivyo mlangoni, akakataa kuingia, akasema atangojea barazani nyuma, nguo zake zina vumbi. Hakuna aliyemlazimisha. Twaiba alimpelekea sahani huko, akamkuta anaila kwa heshima, mgongo ameupa ukuta.

"Hii pepa yako, Kheri, imeenda mbali sana," Profesa Elijah alikuwa akisema Twaiba aliporudi na bakuli la ndizi. "Mimi nimeangalia ile chati. Watu wengi wanatajwa na wenzao tu, fani moja, wanakunana migongo. Yako imevuka fani sita! Shida ni hizo zingine arobaini. Kamati watauliza, huyu mtu ana pepa moja ama ana kazi?"

"Nitawajibu," alisema Kheri.

"Utawajibu poa. Sasa, Madam, nasikia wewe ndio ulikuwa huko ndani kwa ndani, unauliza akina mama maswali. Hiyo kazi ilikuwa ngumu?"

Twaiba alisimama na bakuli mkononi. Kheri alikuwa amemkazia macho, si ya kutisha, bali ya kuomba. Na macho ya kuomba ya mume ni mazito kuliko ya kutisha.

"Haikuwa ngumu," alisema. "Wanawake wale ni wakarimu."

"Inaonekana! Nyumba zimejaa wageni!" Profesa akacheka, maana alikuwa ameisoma makala kwa makini na kuiona ile safu. Kheri alicheka pia. Twaiba aliliweka bakuli mezani.

Saumu alitokeza wakati huo, amejifunga leso, mgeni begani, kuja kuaga. Alimwamkia profesa, akampa shemeji yake mtoto ambusu.

"Kaa hata mpaka arobaini iishe," Twaiba alimwambia. Alikwisha kumwambia hivyo asubuhi, na jana, na juzi.

"Dada, tumelizungumza hili. Mama mkwe ameshapaka nyumba chokaa. Nikimkalisha mgeni huku watasema nini? Kwamba nyumba yetu haimtoshi?"

"Basi uchemshe maji. Ya kunywa wewe, na ya kumwogesha, na hata tone utakalompa. Uchemshe, Saumu."

Saumu akashangaa, akamtazama shemeji yake, akamtazama dada yake. "Nichemshe maji ya shemeji? Dunia nzima inayasifu, nyinyi wenyewe mwayaogopa?"

Watu wote wakacheka isipokuwa wawili.

"Madam, hiyo maji imepitishwa," alisema Profesa Elijah, akifuta mdomo. "Fani sita!"

"Uchemshe tu," alisema Twaiba. "Basi tu, nakuomba."

"Una nini lakini? Sababu ni nini?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Kila kitu kilikuwapo: mwenye kuuliza, mwenye kujua, mwenye kalamu ya kuandika, na yule kiumbe mwenyewe anatoa ulimi begani. Sentensi moja ingetosha. Twaiba alifungua mdomo. Kheri akaangusha kijiko, au kilimwanguka. Mpaka leo Twaiba hajui.

"Dada yako ana wasiwasi wa uzee," alisema Kheri. "Nenda salama, shemeji. Utatusalimia wote."

Twaiba aliwasindikiza mpaka njiani. Alimwambia tena kuhusu maji, akamwambia na Rai, naye Rai akaitikia, "Haya, dada," kama wanavyoitikia watu ushauri wa wakubwa ambao hawana nia ya kuufuata. Kuni Kidzumbani zilikuwa mbali.


Kheri alihojiwa, akajibu vizuri. Barua ya uprofesa ilifika siku ya Jumatatu. Siku ya Ijumaa asubuhi walikuwa mezani, Kheri akisoma hesabu, elfu moja mia tisa na hamsini na nne, simu ya Twaiba ilipolia. Alikuwa Rai. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayejikaza mbele ya watu.

"Dada, subalkheri. Mgeni amerudi. Tumbo lilimwendesha siku tatu. Tulimpa maji ya chumvi na sukari, yakawa hayakai. Tushamzika. Mwambie na shemeji."

Twaiba aliiweka simu chini. Hakulia, machozi yalikuja na kusimama mahali. "Mgeni amerudi," alimwambia mumewe.

"Mgeni gani?" aliuliza Kheri, macho bado yako kwenye kioo.

Kisha akaelewa. Aliigeuza simu yake kifudifudi mezani, taratibu, akaifunika kwa kiganja.

"Barua utaiandika leo," alisema Twaiba.

"Nitaandika. Lakini si leo, Twaiba. Nikiandika wiki hiihii niliyopewa cheo, wataona nilijua. Acha mwezi upite."

Twaiba alimtazama mume aliyelala naye miaka kumi na mitano, akamwona mdogo sana ndani ya shati lake. Alitaka kumtukana, na tusi halikuja, kwa sababu kila tusi alilolifikiria lilikuwa linamtosha na yeye pia.


Alikwenda Kidzumbani baada ya wiki mbili. Hapakuwa na matanga ya kuhudhuria, kwa hivyo alibeba sukari na leso mpya kama anayekwenda kutembea tu. Saumu alimpokea vizuri. Alikuwa amekonda usoni, na kifua bado kilikuwa kimejaa, maziwa yamelowesha leso mahali pawili. Walikaa mkekani, wakazungumza habari za mahindi na za Feisal, wala hawakumtaja aliyekwenda. Ndivyo wafanyavyo.

Hawajakaa sana, ikapigwa hodi. Alikuwa Jumwa, vumbi mpaka magotini, tableti kifuani.

"Shikamoo, Mama! Sikujua uko huku. Samahani, Dada, mimi ni wa utafiti wa Profesa Kheri. Nina maswali machache tu, ya maji na watoto."

"Karibu," alisema Saumu. Aliinuka akaleta bilauri tatu za maji kwenye sinia, kama adabu inavyotaka, akamwekea kila mtu yake. Maji yalikuwa meupe kabisa, hayana hata unyuzi.

Twaiba alitamani kumwambia Jumwa apite, aende nyumba nyingine. Jumwa alikuwa ameshawasha kioo.

"Mnatumia mlonge?"

"Twatumia."

"Mnachemsha?"

"Hapana." Saumu akamtupia dada yake jicho. "Dada aliniambia nichemshe. Sikumsikia. Shemeji mwenyewe alisema hakuna haja."

"Watoto wako walio hai?"

"Sina."

"Waliofariki?"

"Sina."

"Wageni, kwa miaka hii miwili?"

Saumu alivuta pindo la leso. "Mmoja."

"Alikaa siku ngapi?"

"Ishirini na sita."

Jumwa akaandika mbili, akaandika sita. "Naye alikuwa akinywa maji ya kisima hiki hiki?"

"Nilikuwa nikimnywesha."

Kidole cha Jumwa kikasimama. "Ukimnywesha?"

"Kwa kijiko."

Nje jogoo alikuwa akiparura chini ya dirisha. Twaiba alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, kavu, kana kwamba ni ya mtu aliyekuwa akingoja kwenye chumba cha pili.

"Jumwa, mwanangu. Futa hiyo. Mgeni ni mtoto. Mtoto aliyekufa kabla ya arobaini. Wote, katika fomu za zamani na hizi zako, ni watoto."

Jumwa alimtazama. "Mama, nilikuuliza. Uliniambia hukaa siku chache."

"Nilikwambia hawafiki arobaini."

Msichana yule alirudi nyuma kwenye kioo, nyumba baada ya nyumba, akipandisha kwa kidole, na kadiri alivyopandisha ndivyo midomo yake ilivyozidi kuwa myeupe. "Nimepita nyumba sitini na tatu," alisema. "Nina wageni ishirini na wanane." Kisha akasema tena, polepole zaidi, "Ishirini na wanane, Mama," akaanza kulia bila ya kujifunika uso.

Saumu hakulia. Alikuwa amemgeukia dada yake, naye Twaiba akamweleza yote: kwamba mwaka ule aliandika mgeni, na Kheri akasoma mgeni, na makala ikasema hakufa hata mmoja, na mabomba yakapita mbali.

"Sasa ndiyo najua kwa nini ulisema nichemshe," alisema Saumu. "Ulijua tangu lini, dada?"

Twaiba angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo, kwa kupitia maswali ya Jumwa, na Jumwa, maskini, asingemkanusha.

"Tangu hujajifungua."

"Siku ile ya pilau ulikuwa wajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza sababu."

"Ukaniuliza."

Saumu alitikisa kichwa kidogo, kama anayekubali bei. Alizichukua zile bilauri mbili, ya kwake na ya Jumwa, akainuka, akazimwaga nje mlangoni moja baada ya moja. Aliporudi alikaa mahali pake, akajifunga leso upya, akaisogeza ile ya tatu mpaka mbele ya magoti ya dada yake.

"Karibu maji, mgeni," alisema.

Hakukuwa na kelele katika sauti yake. Twaiba akaipokea bilauri kwa mikono miwili, akanywa yote.